UZI: Jai Bhim, filamu ya Kitamil iliyonirudisha kaunta ya polisi

Nuru wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Juzi usiku nimeirudia Jai Bhim kwa mara ya tatu na usingizi ukagoma. Naomba niyatoe hapa yaliyonijaa. Kwa asiyeijua: ni filamu ya Kitamil, ilitoka Novemba 2021 moja kwa moja kwenye Amazon Prime, mwongozaji ni T. J. Gnanavel, na Suriya kaigiza wakili. Nitagusa mambo mengi ya ndani, kwa hiyo kama bado hujaitazama, itazame kwanza halafu urudi tuongee.

Naanza na dakika za mwanzo kabisa, kabla hujamjua mhusika hata mmoja. Ni lango la gereza. Watu wamemaliza vifungo vyao, wanatoka mmoja mmoja na vifurushi mkononi, nje ndugu zao wanawasubiri. Ofisa anamuuliza kila anayetoka tabaka lake, ile ngazi ambayo Mhindi anazaliwa nayo: wewe ni wa tabaka gani? Anayetaja tabaka la juu anaruhusiwa aende zake. Anayetaja la chini anaambiwa asimame pembeni. Kisha polisi wa vituo mbalimbali wanakuja kuwagawana wale wa pembeni kama mafungu ya dagaa. Kila kituo kina kesi zisizo na mtuhumiwa, kwa hiyo kila kituo kinachukua watu wa kuzijaza. Na ndugu wamesimama palepale wanaangalia.

Wale hawakuulizwa umefanya nini wala ulikuwa wapi usiku fulani. Wameulizwa tabaka tu.

Sisi neno tunalo tayari, halihitaji maelezo: kubambikiwa. Mimi nasema filamu nzima imo kwenye lango lile, saa mbili na nusu zinazofuata zinakuonyesha tu linavyofanya kazi kwa mtu mmoja mwenye jina na mke.

Naendelea hapa chini, msifunge uzi.

Mzee wa Kariakoo

Mkuu, shusha. Mimi niliipata kwenye flashi mwaka ule wa kwanza, nikadhani ni zile za Suriya za kurusha watu hewani. Nilipofika kwenye lokapu nilizima, nikairudia kesho yake mchana.

Nuru wa Pangani

Shikamoo mzee. Hata mimi mara ya kwanza sikuimaliza kwa kikao kimoja.

Mtu mwenyewe anaitwa Rajakannu, kaigiza Manikandan. Mkewe Sengeni, kaigiza Lijomol Jose, na huyu dada ndiye aliyeibeba filamu mgongoni. Ni Wairula, jamii ya asili ya kusini mwa India. Tunawaona shambani mwa mpunga wakipuliza moshi kwenye mashimo ya panya. Panya wanamaliza mpunga wa matajiri, Wairula wanawakamata, matajiri wanavuna. Siku moja Rajakannu anaitwa kwenye nyumba ya mtu mwenye jina kijijini akatoe nyoka. Anamtoa, anaondoka. Baadaye dhahabu inapotea nyumba ileile, na kidole kinaelekea kwa nani? Kwa aliyeingia kwa mwaliko akawaokoa na sumu.

Wakati huo Rajakannu yuko mbali anafanya kazi kwenye tanuri la matofali. Polisi wanawabeba ndugu zake, wanamchukua hata Sengeni mwenye mimba, wanawapiga hadi mwenyewe apatikane. Kipigo sitakisimulia. Baada ya siku kadhaa kituo kinatangaza kwamba watatu wametoroka: Rajakannu na wenzake wawili. Sengeni anaambiwa mumeo kakimbia, mtafute.

Hapo ndipo anapompata wakili Chandru huko Madras, ambayo leo inaitwa Chennai. Huyu si mtu wa kubuniwa. K. Chandru yupo, alikuwa wakili, baadaye akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Madras kuanzia 2006 hadi 2013, na kesi iliyozaa filamu hii ni ya 1993 kutoka Cuddalore, Tamil Nadu.

Silaha anayoitumia ndiyo iliyonikosesha usingizi. Hafungui kesi ya mauaji, kwa sababu mwili haupo. Haendi kubishania dhahabu. Anaiomba mahakama itoe amri moja tu: huyu mtu mlimchukua, mleteni tumwone. Wanasheria wanaiita habeas corpus. Serikali inasema katoroka, shauri limekwisha. Chandru anaiomba mahakama imruhusu kuwahoji polisi kizimbani, jambo lisilo la kawaida kwenye maombi ya aina hiyo, na anataja kesi ya Kerala, ya kijana Rajan aliyepotea mikononi mwa polisi mwaka 1976, ambayo baba yake aliipeleka mahakamani kwa njia hiyohiyo. Lango linafunguka kidogo. Kuanzia hapo ni swali moja moja: nani alikuwa zamu, simu ilipigwa kutoka wapi, gari lilikwenda wapi usiku ule.

Kwangu mimi huo ndio upelelezi wenye maana kuliko wa kumtafuta mwizi. Hapa mpelelezi anakichunguza kituo cha polisi.

Salimu Muscat

Dada Nuru, nikuongezee kitu kuhusu lile lango. Nipo Oman mwaka wa tisa, na karakana yetu nusu ni Watamil. Nilimuuliza mwenzangu mmoja, mtu wa makamo, kwa nini majina yao yanaanza na herufi, K. fulani, M. fulani. Akaniambia ile herufi ni ya jina la baba. Wahindi wa sehemu nyingine jina la mwisho linakutangaza tabaka lako kabla hujakaa kitini. Watamil wengi waliacha kuyatumia majina hayo, tangu vuguvugu la kujiheshimu la Periyar, mwanaharakati wa Kitamil aliyepinga matabaka, lililoanza 1925.

Sasa rudi getini. Yule ofisa anauliza kwa mdomo kwa sababu jina peke yake halimwambii. Mwenzangu alisema mtu akitaka kukujua atazunguka: kwenu ni kijiji gani, mtaa gani wa kijiji, mnaabudu wapi. Jina limefutwa, swali limebaki. Alipokuwa ananieleza alikuwa ameshika spana, akawa anaigeuzageuza hafungi kitu. Sikumuuliza yeye ni wa wapi.

Nuru wa Pangani

Salimu, umenifungua macho. Nimeitazama mara tatu na sikuwahi kujiuliza kwa nini analazimika kuuliza.

Kipepeo 86

Naipenda filamu, lakini niseme linaloniuma.

La kwanza, Rajakannu wa kweli hakuwa Mwirula. Alikuwa wa jamii ya Wakuravar. Mwongozaji kabadilisha. Mtu atasema wote ni wanyonge, kuna tofauti gani? Tofauti ipo. Waingereza mwaka 1871 walitunga sheria ya kuzitangaza jamii nzima kuwa za wahalifu: mtoto anazaliwa tayari yuko kwenye daftari la polisi, mzazi anatakiwa kuripoti, hawezi kusafiri bila ruhusa. Wakuravar walikuwa kwenye orodha hiyo. India huru iliifuta sheria mwaka 1952, lakini polisi aliyerithi daftari alirithi na macho. Kwa hiyo polisi wa 1993 kumshuku Mkuravar kwa wizi ni mwendelezo wa karatasi ya miaka 120. Ukimbadilisha marehemu jamii, uzi huo unaukata. Na ukoo wake unanyimwa jina kwenye kilio chake wenyewe.

La pili, shujaa ni wakili mwenye sura ya nyota. Kamera ikimwendea Suriya muziki unapanda. Sengeni analia, Suriya anatembea. Nimechoka na filamu ambazo mnyonge kazi yake ni kusubiri mwenye shahada.

Nuru wa Pangani

La kwanza nakubali kabisa, na ahsante kwa historia. Kuibadilisha jamii lilikuwa kosa, hata kama nia ilikuwa kuwamulika Wairula.

La pili tutabishana. Kumbuka Sengeni anapoachiwa kituoni. Polisi wamemwita wamtishe aiache kesi, simu imepigwa kutoka juu, sasa wanabembeleza: panda gari tukupeleke nyumbani. Anakataa. Anatembea kwa miguu na mimba yake na mtoto, na gari la polisi linamfuata nyuma polepole kwa sababu wameamriwa wamfikishe. Kijiji kizima kinatazama. Wakili hayupo hata kwenye fremu. Miguu ile ni yake.

Na anapopewa pesa ili anyamaze anazikataa. Nani kamfundisha?

Kipepeo 86

Tukio la lile gari nakupa, ni zuri kuliko hotuba zote za mahakamani. Bado nasema kamera ingekaa naye zaidi.

Kamanda Mstaafu

Nimesoma kimya, sasa niseme. Nimevaa gwanda miaka mingi, sitataja wapi.

Watu wakitazama filamu hii wanadhani wale askari watatu ni mashetani. Ni rahisi hivyo. Mimi niliyaona mengine. Angalia nani kaibiwa: mtu mwenye uzito kisiasa. Angalia simu zinavyoshuka kutoka juu hadi kwa mkuu wa kituo: mtuhumiwa yuko wapi, mali iko wapi, leo, siyo kesho. Mkuu wa kituo hana alama za vidole, hana maabara, ana vijana wanne na fimbo. Mtu akikiri, jalada limefungwa na simu zinanyamaza. Kwa hiyo wanamtafuta wa kukiri. Na wanamchagua yule ambaye akipigwa hakuna mbunge atakayepiga simu.

Simtetei mtu. Nilikuwepo nilipotakiwa kusema na sikusema. Nilimwona kijana akibebwa kwenda kuogeshwa kabla ya kupelekwa mahakamani ili hakimu asione damu. Nilisimama mlangoni nikashika funguo. Filamu imeniumiza hapo, kwa yule askari anayejua na anaandika daftarini walichomwambia aandike.

Mzee wa Kariakoo

Kamanda, umesema jambo zito. Mungu akusamehe na akupe moyo wa kuyasema yote.

Wakili Mchanga

Wakuu, kwa wanaouliza kama kwetu amri hiyo ipo: ipo. Tanzania Mahakama Kuu inaweza kuamuru mtu aliyeshikiliwa aletwe mbele yake, imo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Katiba yetu ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Kenya Katiba ya 2010 imekwenda mbele zaidi: ibara ya 25 inasema haki ya kupata amri hiyo haiwezi kuwekewa mipaka kwa sababu yoyote.

Na hapa ndipo jina la filamu linapoingia. Jai Bhim ni salamu ya wafuasi wa B. R. Ambedkar, maana yake ni ushindi kwa Bhim, ndiye yeye, Bhimrao. Alizaliwa kwenye tabaka la wasioguswa mwaka 1891 na akaja kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India, iliyoanza kutumika Januari 1950. Ibara ya 17 ikapiga marufuku kutengwa kwa watu kama yeye. Ila kifungu alichokiita moyo na roho ya Katiba ni cha mtu kwenda mwenyewe mahakama ya juu kudai haki zake. Mahakama Kuu za majimbo nazo zikapewa nguvu ya kutoa amri kama ile aliyoiomba Chandru. Watu wengi wanadhani jina la filamu limewekwa kama kaulimbiu tu. Mimi naona limetaja chombo chenyewe kinachotumika.

Tusisahau pia kwamba kazi hii inaua. Juni 2016 kule Kenya, wakili Willie Kimani alitoka mahakama ya Mavoko pamoja na mteja wake aliyekuwa amemlalamikia polisi, na dereva wao wa teksi. Hawakufika nyumbani. Miili ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Mwaka 2022 mahakama iliwatia hatiani polisi watatu na mpasha habari wao. Mimi nilikuwa bado naomba kujiunga na chuo. Mama aliniuliza kama nimebadilisha mawazo.

Shangazi wa Kilifi

Hamjambo wanangu. Mimi nimeitazama na wajukuu, mmoja anasoma tafsiri za chini kwa sauti.

Kilichonishika si kipigo. Ni pale mwalimu anapojaribu kuwaandikisha Wairula wawe na karatasi, na wenye nchi hawataki. Hawana kitambulisho kwa sababu hawana hati ya ardhi, hawana hati kwa sababu hawana kitambulisho. Mimi hilo nimeliishi nalo jirani. Kwetu pwani tulikuwa na Wapemba, watu wa bahari, wamezaliwa hapa na wazee wao wamezikwa hapa, na kitambulisho hawana. Akishikwa njiani ni mgeni. Akifanya biashara ya samaki, hana laini ya simu ya jina lake, hana akaunti. Wamakonde wa Kwale walitembea hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wakakubaliwa. Wapemba wakangoja hadi 2023.

Jirani yangu alipopata chake alikifunga kwenye leso akakiweka kifuani, akalala nacho. Mtu asiye na karatasi, askari akimchukua, aandike jina gani kwenye kitabu? Na asipoandika, wewe utamdai nani?

Nuru wa Pangani

Shangazi, hilo swali lako la mwisho ndilo nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo wa uzi na sikulipata. Nashukuru sana.

Dogo wa Mbeya

Wakuu, samahani kwa swali la kizembe. Kwa hiyo Wairula hadi leo wanakamata panya tu? Filamu imewaonyesha kama watu wasio na kitu kabisa.

Kipepeo 86

Si swali la kizembe. Wairula wana ujuzi ambao India yote inautegemea. Sheria ya wanyamapori ya 1972 ilipowaondolea biashara ya ngozi za nyoka, mwaka 1978 walianzisha ushirika wao karibu na Chennai. Wanamkamata nyoka, wanamkamua sumu, wanamrudisha porini. Sumu hiyo ndiyo malighafi ya dawa za kutibu walioumwa na nyoka. Mwaka 2023 wakamataji nyoka wawili wa Kiirula walitunukiwa Padma Shri, moja ya nishani kubwa za raia nchini humo. Hili nalo lingefaa kuonekana kwenye filamu.

Salimu Muscat

Na mjue filamu ilizua kelele kwao. Kulikuwa na kalenda ukutani nyumbani kwa yule polisi mbaya, yenye alama ya jamii ya Wavanniyar. Wavanniyar wakalalamika kwamba wamepakwa matope, watengenezaji wakaibadilisha ile picha. Karakana yetu ilikuwa na Wavanniyar wawili. Wiki nzima chakula cha mchana kililiwa mbalimbali.

Upande mwingine, Suriya na mkewe Jyotika, ambao ndio waliotoa pesa za kutengeneza filamu, walitoa rupia milioni 10 kwa taasisi ya elimu ya watoto wa Kiirula.

Mzee wa Kariakoo

Mwanangu Nuru, kichwa cha uzi kinasema filamu imekurudisha kaunta ya polisi. Umetusimulia India, umetusimulia sheria. Kaunta yenyewe hujaisema. Kama hutaki, basi.

Nuru wa Pangani

Mzee, nilikuwa naizunguka. Haya.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni mvuvi. Miaka kadhaa nyuma injini ya boti ya tajiri mmoja iliibwa usiku. Asubuhi walikuja wakamchukua pwani akiwa anashona nyavu. Kwa nini yeye? Wiki moja kabla alikuwa ameajiriwa siku mbili kwenye boti ileile. Aliingia kwa mwaliko, kama yule wa nyoka.

Mama akapika, akaenda kituoni na bakuli la bati lenye maua ya bluu. Kaunta wakamwambia mtu huyo hatuna. Akasema basi naacha chakula, labda mtamwona. Wakacheka, wakalipokea. Jioni akaenda kuchukua bakuli. Lilikuwa limeoshwa, limefunikwa juu ya kijiko.

Mjomba tangu utoto akimaliza kula anaosha chombo, anakifunika juu ya kijiko. Bibi alimfundisha hivyo ili nzi wasitue. Mama alipoliona lile bakuli kaunta hakusema neno. Alilibeba hadi nje ya geti ndipo akakaa chini.

Siku kumi alipeleka chakula. Siku kumi aliambiwa hatuna mtu wa jina hilo, na siku kumi bakuli likarudi limefunikwa juu ya kijiko. Sengeni hakupata hata ishara hiyo. Ndiyo maana anapoambiwa mumeo katoroka, mimi mkono wangu unatafuta kitu cha kushika.

Wakili Mchanga

Dada Nuru, pole sana. Alitokaje?

Nuru wa Pangani

Kulikuwa na wakili mzee, amekwishaacha kusimama mahakamani, anaishi nyuma ya msikiti. Mama alikwenda na bakuli, akaliweka mezani, akamweleza kijiko. Mzee aliandika barua ukurasa mmoja kwa mkono. Jina kamili la mjomba, jina la baba yake, siku na saa aliyochukuliwa, rangi ya shati alilovaa, na kwamba kama hatafikishwa mahakamani ataiomba Mahakama Kuu iagize aletwe. Nakala tatu. Alikataa malipo, akaomba samaki mjomba akirudi baharini.

Siku ya kumi na moja mjomba alitoka bila shtaka. Sikio la kushoto halisikii vizuri hadi leo. Injini ilipatikana, haikuwa mbali, na hakuna aliyekuja kusema chochote.

Shangazi wa Kilifi

Mwanangu, na bakuli?

Nuru wa Pangani

Lipo, shangazi. Mama kaliweka juu ya kabati, halipakuliwi chakula. Mjomba akija kwetu anaosha mabakuli mengine, anayafunika juu ya kijiko kama kawaida yake, na mama anayafunua upesi kabla sisi hatujayaona.